Karatasi za Bach ni za Nani?

Johann Sebastian Bach alipofariki mjini Leipzig tarehe 28 Julai 1750, aliacha mjane, watoto na karatasi nyingi za muziki. Kwa miaka 27 alikuwa mwalimu wa muziki wa Kanisa la Mtakatifu Tomaso. Katika miaka yake ya kwanza pale, karibu kila Jumapili washarika walisikia kantata, yaani wimbo wa kwaya na vyombo uliotungwa kufuata somo la siku. Ibada ikiisha walikwenda nyumbani, na karatasi zikabaki kwa mtunzi.

Warithi wakagawana. Carl Philipp Emanuel alilitunza fungu lake kwa makini, na bila yeye huenda tusingekuwa na Mateso ya Bwana kwa Injili ya Mathayo. Kaka yake mkubwa, Wilhelm Friedemann, alibanwa na ukata akauza. Alifariki Berlin mwaka 1784 akiwa maskini, na sehemu kubwa ya alichorithi haikuonekana tena. Leo zimebaki kantata kama 200. Mateso ya Bwana kwa Injili ya Marko tunayo maneno yake tu, muziki umepotea.

Je, Friedemann aliiba? Amri ya saba inamlinda mwenye mali, na Luther katika Katekisimo Ndogo anatuagiza tumsaidie jirani kutunza na kuongeza kilicho chake. Karatasi zilikuwa zake. Lakini Walawi 19 inamwambia mwenye shamba asivune mpaka pembeni: shamba ni lake, ila pembe zake zina wenyewe, nao ni maskini na mgeni. Nadhani ndivyo ilivyo kwa kazi iliyotungwa ili watu waabudu. Mwenye nayo anaweza kuifungia kabatini, hata kuiuza. Kuiacha ipotee ni jambo jingine, maana hapo anavuna mpaka pembeni.

Hata hivyo, sisi washarika tusikimbilie kudai. Mjane, Anna Magdalena, aliipa shule ya Mtakatifu Tomaso karatasi za kuimbia kantata alizokuwa nazo, na nyingi ya hizo zipo Leipzig hadi leo. Mji ulipata hazina. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1760 akiishi kwa sadaka. Kila ninaposoma habari hiyo naona aibu kwa ajili ya Leipzig. Walijua kupokea.

Biblia ya Bach ilipata njia nyingine. Ni vitabu vitatu vikubwa vyenye maelezo ya Abraham Calov, na pembeni Bach aliandika kwa mkono wake. Mahali pamoja, kwenye habari za kuwekwa wakfu kwa Hekalu, aliandika kwamba penye muziki wa ibada ya kweli Mungu yupo kwa neema yake. Mwaka 1934, sinodi ya Walutheri ilipokutana Frankenmuth, Michigan, familia ya Reichle ilimwonyesha mchungaji mgeni kitabu kimoja kilichokuwa kimehifadhiwa nyumbani. Akaitambua sahihi ya Bach. Baadaye familia ile ilivitoa vitabu vyote vitatu kwa seminari ya Concordia, St. Louis, ingawa hakuna aliyeweza kuwalazimisha.

Swali hili lilinifikia mimi pia, katika usharika niliowahi kuutumikia. Mzee mmoja alikuwa na daftari la nyimbo za baba yake, mwinjilisti, ambaye alizitunga kwa lugha ya nyumbani na kuzifundisha mtaa kwa mtaa. Kwaya ilikumbuka nne tu. Baraza la wazee likasema daftari ni mali ya usharika, nami nikatumwa kwenda kulichukua. Yule mzee alinikaribisha chai, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mchungaji, baba alipolala kitandani miaka miwili, usharika ulikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Niliomba radhi, nikarudi kwenye baraza na swali lake, na ziara yangu ya pili niliandamana na wazee watatu walioomba radhi wao wenyewe. Safari hiyo hatukudai daftari. Tuliomba ruhusa ya kulipiga picha ukurasa kwa ukurasa. Alikubali, ila kurasa mbili za mwisho, ambako baba yake aliandika madeni yake, alizifunika kwa kiganja.