Nahodha William Henry Lewis na Mipaka ya Heshima ya Uwanjani

Jina la William Henry Lewis likitajwa katika historia ya futiboli ya Marekani, huja pamoja na neno “wa kwanza”: Mmarekani Mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika kikosi bora cha vyuo vya nchi nzima, mwaka 1892. Kutokana na sifa hiyo imejengeka hoja kwamba uwanja wa michezo ulimfungulia milango ambayo jamii ilikuwa imeifunga. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Uwanja ulimpatia Lewis wadhamini, na mdhamini hawezi kukupa haki. Anachoweza ni kukukingia kifua, maadamu yeye mwenyewe bado ana nguvu.

Lewis alizaliwa Virginia mwaka 1868, miaka mitatu baada ya vita vilivyokomesha utumwa, na wazazi wake walikuwa wamewahi kuwa watumwa. Alisoma kwanza katika chuo cha watu Weusi huko Petersburg, kisha akaenda kaskazini, Chuo cha Amherst, Massachusetts. Huko, mwaka 1891, wachezaji wenzake walimchagua nahodha.

Uchaguzi huo tusiupime kwa unahodha wa leo, ambao aghalabu ni kitambaa cha mkononi na kurusha sarafu kabla ya mchezo. Wakati ule kocha wa kulipwa alikuwa bado jambo geni vyuoni, na timu ilikuwa mali ya wanafunzi wenyewe. Nahodha ndiye aliyepanga mazoezi, akaamua nani acheze na nani akae nje, na mchezo ukianza neno lake lilikuwa la mwisho. Kwa hiyo vijana wa Kizungu wa Amherst walijiweka chini ya amri ya kijana Mweusi kwa msimu mzima, tena kwa kura zao wenyewe. Miaka mitano baadaye Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Plessy, ingehalalisha mabehewa ya treni yaliyotengwa kwa rangi.

Kutoka Amherst aliingia shule ya sheria ya Harvard, na kwa kuwa kanuni za wakati ule hazikumzuia mwanafunzi wa sheria kuichezea timu ya chuo, aliendelea na futiboli kwa misimu miwili. Alicheza katikati ya safu ya mbele, nafasi ya yule anayeanzisha kila shambulio kwa kuurudisha mpira nyuma, kisha anapokea kishindo cha wapinzani kabla ya mwingine yeyote. Kwa nafasi hiyo alikuwa mwepesi, kama kilo 80 hivi. Alichowazidi wenzake ni kasi na akili ya kusoma mchezo. Mwaka 1893 aliiongoza Harvard katika mchezo mmoja akiwa kaimu nahodha. Baadaye alikuwa kocha msaidizi pale kwa zaidi ya miaka kumi, na mwaka 1896 kitabu chake cha kufundisha mchezo huo kilichapishwa na kampuni ya Harper.

Lakini katika miaka hiyohiyo ya kushangiliwa, kinyozi mmoja wa Cambridge alikataa kumnyoa. Umaarufu wake haukumsaidia kitu mbele ya kiti cha kinyozi. Lewis hakwenda kuomba kauli ya wenzake wa timu. Aliwaendea wabunge wa jimbo, na sheria ya Massachusetts ya 1893 dhidi ya ubaguzi ikavitaja vinyozi waziwazi. Kwangu mimi, tukio hili lina uzito kuliko mchezo wowote aliocheza, kwa sababu lilimfaa hata mtu Mweusi ambaye hajawahi kugusa mpira.

Wadhamini nao walifanya kazi yao. Rais Theodore Roosevelt, mhitimu wa Harvard na mpenzi mkubwa wa futiboli, alimteua mwaka 1903 kuwa mwanasheria msaidizi wa serikali kuu jijini Boston. Gharama ya uteuzi huo ilikuwa ya kisiasa: Lewis, aliyekuwa amempinga Booker T. Washington, kiongozi Mweusi aliyehimiza maridhiano na Wazungu, sasa alikuwa upande wake. Julai mwaka huohuo ndiye aliyeongoza mkutano ambamo William Monroe Trotter, mhariri wa Boston aliyempinga Washington, alikamatwa baada ya kumkabili kiongozi huyo. Wanaharakati wa Boston walimwona amenunuliwa. Shutuma hiyo ni kali mno, lakini haikuzuka hewani.

Mwaka 1911 Rais Taft alimpandisha kuwa Msaidizi wa Mwanasheria Mkuu wa Marekani, cheo ambacho hakuna mtu Mweusi aliyekuwa amekifikia katika tawi la utendaji. Mwaka huo alikubaliwa pia katika Chama cha Mawakili cha Marekani. Viongozi wa chama walipobaini rangi yake, mwaka 1912 walijaribu kumwondoa. Alikataa kujiuzulu, na mkubwa wake, Mwanasheria Mkuu George Wickersham, akawaandikia wanachama kumtetea. Lewis alibaki. Lakini chama kiliamua kwamba kuanzia hapo waombaji wataje rangi zao, na kwa njia hiyo waliokuja nyuma yake wakafungiwa nje. Woodrow Wilson alipoingia madarakani mwaka 1913, cheo cha Lewis serikalini kilikoma, akarudi kwenye uwakili Boston. Chama kilitangaza mwaka 1943 kwamba rangi si sharti la uanachama. Hapo Lewis alikuwa amepita miaka sabini, na Wickersham, mtetezi wake, alikuwa amekwisha kufariki.