Nasaba ya Vepu

Atakaye kukadiria thamani ya vepu ya kutupwa, yaani kile kikopo kidogo cha mvuke ambacho mtu hukitia mfukoni asubuhi, akakivuta mchana kutwa, na kikiisha akakitupa na kununua kingine, aghalabu huanza kwa maswali ya dukani: kina mivuto mingapi, betri yake hudumu siku ngapi, huvuja au hakivuji, na ladha yake ni ya embe au ya tikiti. Maswali hayo si ya upuuzi, nami nitayafikia kwa wakati wake. Walakini chombo hiki, kijapokuwa kimeundwa juzi katika karakana za Shenzhen, China, kina nasaba ndefu kuliko umri wake, na fungu kubwa la nasaba hiyo limepita katika nchi iliyo baina ya mto Ohio na ziwa Erie, ambako mji wa Louisville uliitia tumbaku utamu, mji wa Buffalo ukayahesabu madhara yake, na mji wa Columbus, baada ya miaka mingi, ukaupeleka utamu huo mahakamani.

Asili ya habari ni jani. Mwaka 1864, vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe vikiwa bado kumalizika, mkulima mmoja jina lake George Webb alipanda karibu na Higginsport, kijiji cha jimbo la Ohio kilicho ukingoni mwa mto, mbegu za tumbaku zilizotoka ng'ambo ya pili katika wilaya ya Bracken, Kentucky, na miche iliyochipua ikawa na weupe wa kimanjano usio wa kawaida, hata ikadhaniwa kuwa ina maradhi. Haikuwa na maradhi. Ilikuwa ni jinsi mpya ya tumbaku, ambayo ilikuja kuitwa burley nyeupe, nyepesi ya jani, chache ya sukari, yenye kukaushwa kwa upepo wa ghalani pasipo moto, na, juu ya sifa zake zote, yenye vinyweleo vingi kiasi cha kunywa vilivyo kila rojo lililomiminiwa, likiwa la asali, la sukari, la urukususu au la ramu. Wenye viwanda wakaelewa mara moja kuwa wamepata jani ambalo halina utamu wake lenyewe, lakini hupokea utamu wa kila kitu.

Louisville ulikuwa tayari mji wa tumbaku. Mapipa makubwa ya mbao, kila moja lenye uzito wa ratili elfu moja au kuzidi, yaliteremka kwa mto na kwa reli hadi maghala ya barabara kuu ya mji, yakafunguliwa mbele ya wanunuzi, na mnadi akanadi. Kwa burley hiyo tumbaku ya kutafuna yenye ladha tamu ilienea Marekani nzima. Na mwaka 1913 R.J. Reynolds ilipotoa sigara ya Camel, ambayo ilichanganya burley iliyokolezwa na majani ya Virginia na ya Kituruki, ladha ya mto Ohio ikaingia katika sigara ya kila siku. Yafaa msomaji aiweke habari hii akilini, maadam wako wasemao leo kwamba ladha za matunda katika vepu ni uzushi wa vijana wa zama hizi. Si uzushi. Ni tijara ya kale iliyobadilisha kanzu.

Utamu ulifuatwa na ubaridi. Lloyd Hughes, kijana wa Mingo Junction, mji mwingine wa Ohio ulio juu ya mto ule ule, ambaye watu walimwita Spud, alipata hataza ya sigara yenye mentholi mwaka 1925. Husimuliwa kwamba alikuwa na pumu, akawa anavuta fuwele za mentholi kama dawa, nazo zikaiambukiza tumbaku yake harufu. Kisa hicho kikiwa sahihi au kikiwa kimetiwa chumvi, jambo lililofuata halina shaka: mwaka 1926 kampuni ya Axton-Fisher ya Louisville ilimnunulia haki zake na kuziuza sigara hizo kwa jina la Spud, na mwaka 1933 Brown & Williamson, ambayo nayo ilikuwa imeweka makao yake Louisville, ikashindana nayo kwa kutoa Kool. Mentholi hulipoza koo na kulitia ganzi kidogo, hata mvutaji asihisi ukali ambao maumbile yameuweka kuwa onyo. Hapo ndipo ninapoona mlango wa nasaba yetu. Kabla yake utamu ulipendeza ulimi. Kuanzia hapo ladha ilipewa kazi ya kulinyamazisha koo.

Sitakaa sana katika yaliyotendeka Louisville mwishoni mwa karne ya 20, kwa kuwa yamesimuliwa mara nyingi, hata kwa sinema. Merrell Williams, karani wa sheria aliyeajiriwa kupanga nyaraka za Brown & Williamson, alizinakili kwa siri maelfu ya kurasa, na mwaka 1994 zikafika magazetini na bungeni, zikadhihirisha kwamba wakuu wa kampuni walikuwa wamekiri baina yao tangu miaka ya 1960 kuwa nikotini humfanya mtu mraibu. Mwaka huo huo mkuu wa idara ya chakula na dawa, David Kessler, alilifunulia bunge habari ya Y-1, tumbaku iliyokuzwa Brazili kwa ajili ya kampuni hiyo, yenye nikotini takriban mara mbili ya kawaida. Jeffrey Wigand, aliyekuwa mkuu wa utafiti humo, alifukuzwa kazi, akawa mwalimu katika skuli moja ya sekondari ya Louisville, na mwaka 1996 akasema hadharani katika televisheni. Kutokana na nyaraka zile yatosha kushika jambo moja: watengenezaji wa sigara walijua siku nyingi kwamba moshi ulikuwa gari, na msafiri alikuwa nikotini.

Buffalo una tarehe ya namna nyingine. Katika mji huo ilianzishwa mwaka 1898 taasisi iitwayo leo Roswell Park, ya kwanza nchini Marekani kuwekwa mahususi kwa ajili ya utafiti wa saratani, na humo, tangu mwaka 1938, kila mgonjwa aliyepokelewa aliulizwa habari za uvutaji wake kabla haijajulikana ni maradhi gani aliyokuja nayo. Naistaajabia tadbiri hiyo kuliko vumbuzi nyingi zenye sifa kubwa. Swali dogo la karani wa mapokezi, lililorudiwa miaka kumi na zaidi kwa kila aliyeingia mlangoni, lilimwezesha daktari Morton Levin na wenzake kutangaza mwezi wa Mei 1950, katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani, uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu. Na kwa kuwa majibu yalikuwa yameandikwa kabla ya maradhi kubainika, hakuna aliyeweza kudai kuwa wagonjwa walikumbuka sigara zao kwa sababu ya hofu. Si mbali na mji huo ziko ardhi za Waseneka, taifa ambalo wazee wake waliitumia tumbaku katika ibada na mapatano kabla ya mzungu kuijua, na ambalo katika miaka ya 1990 lilipambana na jimbo la New York hata barabara zikafungwa, sababu ikiwa ni kodi ya sigara zinazouzwa katika ardhi zao.

Wasemao Kiswahili na lugha zilizo jamaa yake wamo katika miji yote mitatu: Wamwini wa Barawa, wenye Chimwini chao, walio wengi Columbus, Wazigua waliotoka bonde la Juba, na Wakongo waliopitia kambi kama Nyarugusu ya Kigoma kabla ya kufikishwa Louisville na Buffalo. Watu hawa hawakuikuta nikotini ugenini. Pwani yetu ilikuwa na buruma, kiko cha maji chenye digali lake, nayo haikuvutika pasipo makaa, maji, baraza na faragha ya saa nzima. Mtu hakuweza kwenda nayo sokoni wala kuificha chini ya mto wa kulalia. Ilikuwa pia na ugoro, ambao husagwa pamoja na magadi, na magadi yana hikima yake: kwa kuwa ni alkali, huifungua nikotini ikapenya upesi katika utando wa pua na wa mdomo, hata kile kidogo kishikwacho kwa ncha za vidole viwili humtoa mtu machozi na chafya, akatosheka kwa muda. Mashekhe walihitilafiana katika hukumu ya tumbaku, wako walioiharimisha na wako walioihesabu makuruhu. Lakini hata mtu asiyesikiliza shekhe alikuwa na pua yake ya kumwambia basi.

Vepu ilikuja kumwondolea mtu hiyo basi. Wazo la kuvuta mvuke badala ya moshi ni la zamani kiasi, kwani Herbert Gilbert wa Pennsylvania alipewa hataza yake mwaka 1965 asipate wa kuitengeneza, na chombo kilichoshika soko kilibuniwa na mfamasia wa Kichina, Hon Lik, mnamo mwaka 2003. Vyombo vya mwanzo vilikuwa na nikotini ya asili yake, yenye kukwaruza koo, kwa hiyo mvutaji alitumia kidogo. Vepu ya Juul ilipoingia sokoni mwaka 2015 ilitumia nikotini iliyofanywa chumvi kwa asidi ya benzoiki, kinyume kabisa cha magadi ya mabibi zetu: asidi huipunguzia nikotini ukali, hata miligramu 50 na kuzidi katika mililita moja zikapita kooni kwa ulaini, ilhali sheria ya Umoja wa Ulaya haikubali zaidi ya 20. Kisha mwaka 2020 serikali ya Marekani ikaanza kuvizuia vikopo vya kubadilisha vyenye ladha ya matunda, ikaviacha vyombo vya kutupwa; na biashara yote, kama ilivyotazamiwa na kila mwenye duka, ikahamia kwenye hivyo vilivyoachwa.

Ndipo zamu ya Columbus ilipofika. Baraza la mji lilipitisha mwezi wa Desemba 2022 amri ya kukataza kuuzwa kwa tumbaku na vepu zenye ladha, mentholi ikiwa miongoni mwake, ianze kutumika siku ya kwanza ya mwaka 2024. Bunge la jimbo, lenye makao yake katika mji huo huo, likataka kuipokonya miji yote ya Ohio mamlaka hayo; gavana Mike DeWine akaikataa sheria hiyo, ikarudishwa, akaikataa tena, na mwezi wa Januari 2024 wabunge wakampiku kwa wingi wa kura. Columbus na miji mingine ikashitaki, na mwaka huo huo hakimu wa wilaya ya Franklin akaibatilisha sheria ya jimbo. New York, na Buffalo ndani yake, ilikuwa imezizuia vepu zenye ladha tangu Mei 2020, isipokuwa zile zilizopata idhini ya serikali kuu.

Sasa tukirejea maswali ya dukani, insafu hutulazimisha tuanze na jema. Utafiti ulioongozwa na Maciej Goniewicz, mwanasayansi wa Roswell Park, ulipima mvuke wa aina kumi na mbili za sigara za kielektroniki na kukuta sumu kadhaa za moshi zimepungua kuanzia mara 9 hata mara 450. Kwa mtu mzima aliyevuta sigara miaka mingi na kushindwa kuziacha, upungufu huo si kitu cha kudharau. Lakini watafiti wa taasisi hiyo hiyo walikuta mwaka 2016 kwamba mvuke wenye ladha ya cheri una benzaldehidi kwa wingi kuliko wa ladha nyingine, dutu ambayo tumboni haina neno na katika njia ya pumzi huwasha. Ladha iliyopimwa kwa ajili ya kuliwa haijapimwa kwa ajili ya kuvutwa.

Kuhusu wepesi, kikopo hiki hakina mshindani: hakina kitufe, hakitaki kujazwa, humwitikia mtu kwa pumzi yake. Idadi ya mivuto iliyoandikwa juu ya kasha, mia chache hapo mwanzo na maelfu kwa makumi siku hizi, siipi uzito, kwa sababu hutegemea urefu wa pumzi, na kila mtu ana pumzi yake. Kasoro kubwa iko kwingine. Sigara huisha kwa dakika chache, ikamfanya mvutaji aamue kuwasha nyingine; kikopo hakina kishungi wala jivu la kumwonyesha alipofika, na kwa kuwa kimefungwa, hawezi kupunguza nikotini yake hatua kwa hatua kama awezavyo mwenye chombo cha kujaza. Tena kila kitupwapo hutupwa pamoja na betri ya lithiamu ambayo aghalabu ingeweza kuchajiwa tena mara nyingi, na ambayo ikipondwa katika gari la taka huweza kuwaka moto.

Mwezi wa Juni 2022 serikali kuu iliidhinisha vepu ya kutupwa iitwayo NJOY Daily, ya ladha ya tumbaku tu, jina lake likiahidi matumizi ya kila siku bila kificho. Mwaka 2023 kampuni yake ikanunuliwa na Altria, mama wa Philip Morris, ndiyo ile Philip Morris iliyoichukua Axton-Fisher katika miaka ya 1940 na kukifunga kiwanda chake cha Louisville mwaka 2000. Na mwezi wa Juni 2024 NJOY ikapewa idhini ya mentholi. Kentucky nayo, jimbo lililoishi kwa jani hilo, limeyaamuru maduka yake tangu Januari 2025 yauze tu vepu zenye idhini au ambazo maombi yake yalipelekwa kwa wakati. Mwenye kuingia leo katika duka litiilo sheria mjini Louisville atakuta katika safu ya zilizoidhinishwa ladha mbili, tumbaku na mentholi, zile zile ambazo babu yake angezikuta mwaka 1933. Akiwa hajapata kuvuta, rai yangu ni kwamba asinunue kitu. Akiwa mvutaji wa sigara anayetafuta njia ya kutoka, na achague chombo ambacho nikotini yake aweza kuishusha kutoka 50 hata 20, na kutoka 20 hata sifuri, na cha kutupwa akiache juu ya rafu.