Kijana Aliyekwenda Kariakoo Asirudi



Katika taarifa hii yatupasa kuwakumbuka vijana wa Bungoma waliochukuliwa katika Vita Kuu ya 1914–1918. Wachache walivaa sare ya Keya. Wengi walitiwa katika Kikosi cha Wapagazi, ambacho watu walikiita Kariakoo. Mwaka 1917 machifu waliamriwa kutoa watu zaidi. Kijana akaacha ng'ombe malishoni, akaenda kubeba mizigo ya jeshi katika nchi iliyotawaliwa na Wadachi, ambayo leo ni Tanzania. Hakupewa bunduki, lakini alikufa vitani kama askari, na kilichomwua mara nyingi si risasi bali kuhara damu, malaria na njaa. Yakadiriwa kuwa wapagazi wa Kenya zaidi ya 40,000 hawakurudi.

Mwaka 1919 askari wa Kizungu waligawiwa mashamba, mengine yakiwa Trans Nzoia, pande za Kitale. Mwafrika hakupata hata ekari moja. Watu wa Bungoma walikwenda huko kuwa vibarua.

Wapagazi wengi hawakuandikwa majina penye kumbukumbu yoyote. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ilikiri kosa hilo, ikaomba radhi. Lakini kwa desturi ya Babukusu, mtoto hupewa jina la aliyetangulia. Basi kila mzee mwenye mjukuu aliyerithi jina la kijana wa Kariakoo na amjulishe mwandishi wa chama, lipate kuandikwa kabla hatujasahau.