Hesabu kwa Njia ya Posta

Katika mji mdogo wa Ludlow, magharibi ya Uingereza karibu na mpaka wa Wales, aliishi katika karne ya 18 mwanamke mmoja, jina lake Mary Edwards, ambaye kazi yake ilikuwa kukokotoa mahali pa mwezi mbinguni. Hakuwa na ofisi, wala msimamizi wa kumtazama asubuhi akiingia na jioni akitoka. Kazi ilimjia kwa posta, na kwa posta ilirudi, na ujira wake ulihesabiwa kwa miezi ya kitabu aliyoikamilisha, si kwa siku alizokaa mezani. Watu wa leo wanaotafuta kazi ya ushauri katika sayansi ya data, ambao huweza kukaa Nairobi na kumtumikia mwenye kazi aliye Toronto, aghalabu hudhani kuwa desturi hiyo ilizaliwa pamoja na intaneti. Kumbe desturi hiyo ni kongwe kuliko taa ya umeme, na taabu zake ni kongwe vilevile.

Kitabu chenyewe kiliitwa Nautical Almanac, yaani takwimu ya mabaharia. Inafaa kukumbuka hapa kwamba neno takwimu, ambalo siku hizi hutumika kwa hesabu za watu, mali na magonjwa, katika Kiarabu lilikotoka lina maana ya kalenda au almanaka, na kamusi za zamani za Kiswahili ziliifuata maana hiyo. Mtaalamu wa takwimu wa leo na mkokotoaji wa almanaka wa jana ni ndugu kwa jina kabla ya kuwa ndugu kwa kazi. Ndivyo ilivyo pia kwa neno kompyuta: kabla halijawa jina la mashine, katika Kiingereza lilikuwa jina la binadamu mwenye kalamu, wino na macho yanayochoka.

Ama sababu ya kazi hiyo ilikuwa bahari. Nahodha aliyekuwa mbali na nchi kavu aliweza kujua amekwenda kiasi gani kaskazini au kusini kwa kupima urefu wa jua la adhuhuri. Kujua amekwenda kiasi gani mashariki au magharibi ndiko kulikomtaabisha, kwa maana kulitaka ajue ni saa ngapi mahali maalumu pa mbali kwa wakati uleule. Saa za mfukoni na za mezani zilipotea majira kwa msukosuko wa mawimbi, na zile chache zilizofaa zilikuwa na bei isiyokamatika. Lakini mwezi ni saa isiyonunuliwa. Husogea mbele ya nyota kama mshale unavyosogea mbele ya tarakimu. Basi mtu aliyejua mapema kwamba saa fulani ya Greenwich mwezi utakuwa umbali fulani na nyota fulani, aliweza kuupima umbali huo kwa chombo chake na kuijua saa ya Greenwich. Tobias Mayer, mwanafalaki wa Göttingen katika Ujerumani, aliandaa majedwali ya mwendo wa mwezi yaliyotosha kwa kazi hiyo. Alifariki mwaka 1762, na mwaka 1765 mjane wake akalipwa na Uingereza paundi 3,000.

Iliyobaki ilikuwa taabu ya hesabu. Kutoka majedwali ya Mayer hadi mahali pa merikebu kulikuwa na mwendo wa saa nne hivi za kujumlisha na kutoa, na si kila nahodha aliyekuwa na saa nne, au aliyekuwa na akili iliyotulia katika saa hizo. Nevil Maskelyne, ambaye alikuwa ameujaribu utaratibu huo yeye mwenyewe katika safari ya St Helena mwaka 1761, aliteuliwa kuwa Mwanafalaki wa Mfalme mwaka 1765. Shauri lake lilikuwa jepesi kulieleza: sehemu kubwa ya hesabu ifanywe mara moja tu, nchi kavu, kabla ya wakati, kwa faida ya kila baharia. Umbali wa mwezi na jua, na wa mwezi na nyota maalumu, uandikwe kwa kila saa tatu za kila siku inayofaa ya mwaka. Kitabu cha kwanza kilikuwa cha mwaka 1767. Lakini katika Greenwich Maskelyne alikuwa na msaidizi mmoja tu. Hapo ndipo kazi ilipotoka nje ya ofisi ikaenda kutafuta watu majumbani mwao.

Wanne wa kwanza walikuwa Israel Lyons, George Witchell, John Mapson na William Wales. Baada yao walifuata wengine wengi, walimu wa shule, wapima ardhi na makasisi wa mashamba, watu wenye hesabu nyingi kichwani na fedha kidogo mfukoni. Kazi hii haikuwa na mlango wa kupiga hodi. Mtu aliipata kwa kuwa mtu mwingine alilitaja jina lake. Malachy Hitchins, kasisi wa St Hilary katika jimbo la Cornwall, alipokwisha kuaminiwa, wakokotoaji kadhaa wengine walipatikana katika pembe hiyo hiyo ya Cornwall, mbali kabisa na Greenwich. Si kwamba nchi ile ilizaa wahesabu kuliko nchi nyingine. Ni kwamba palikuwa na mtu mmoja wa kuwashuhudia. Msomi aliyekaa katika kijiji kisicho na Hitchins huenda alikuwa hodari kuliko wote, na hakuna aliyemwandikia barua.

Kila aliyekubaliwa alipelekewa vitabu vya majedwali na karatasi ya maagizo yaliyoeleza, hatua baada ya hatua, jedwali lipi lifunguliwe, tarakimu ipi ichukuliwe, ijumlishwe na nini au itolewe katika nini. Tarakimu zenyewe zilikuwa za nyuzi, dakika na sekunde, ambazo hupanda kwa sitini badala ya kumi, na kosa dogo katika mstari wa juu lilishuka na kuharibu ukurasa mzima. Nani angelijua kosa hilo? Mwenye kazi hakuwapo wakati kazi ikifanywa, na kurudia hesabu zote yeye mwenyewe kungekuwa sawa na kutoajiri mtu. Maskelyne alilijibu swali hili kwa namna ambayo haijapitwa na wakati. Kila mwezi wa kitabu ulikokotolewa na watu wawili mbalimbali, kila mmoja kwake. Kisha karatasi zao zilikwenda kwa mtu wa tatu, mlinganishi, ambaye alitazama wapi wamepatana na wapi wametofautiana. Watu wawili wasioonana huweza kukosea wote, bali ni vigumu kukosea kosa lilelile.

Hila ya utaratibu huo ilikuwa katika maneno hayo, wasioonana. Mnamo mwaka 1770 wakokotoaji wawili, Joseph Keech na Reuben Robbins, walionana. Walinakili hesabu za wao kwa wao, na karatasi zao zikapatana kupita kiasi: zilipatana mpaka katika makosa. Hitchins, aliyekuwa mlinganishi wakati huo, aliugundua mchezo huo, na wote wawili wakafukuzwa, tena wakatakiwa kumlipa Hitchins kwa taabu ya ziada waliyomtia. Mtu akitaka kuwaonea huruma hakosi sababu, kwa kuwa kazi ile ilikuwa ya kuchosha na ujira wake haukuwa mkubwa. Lakini mwamba ulikuwapo mwisho wa hesabu zile, na merikebu iliyopanda juu yake isingeweza kuuliza nani alinakili kwa nani.

Sasa turejee Ludlow. Aliyeandikwa katika daftari za malipo tangu miaka ya 1770 hakuwa Mary bali mumewe, John Edwards, kasisi na mtengenezaji wa vioo vya darubini. John alikuwa mtu wa majaribio. Alichanganya madini ili apate kioo bora cha kuakisi mwanga, na mwaka 1784 mvuke wa aseniki alioutumia katika majaribio hayo ukamwua. Mjane akabaki na binti zake bila pato. Ndipo alipomwomba Maskelyne aendelee kupewa hesabu za almanaka, na ndipo ilipodhihirika kwamba hesabu nyingi zilizolipwa kwa jina la mume zilikuwa zimetoka katika kalamu ya mke. Maskelyne alikubali. Tangu hapo jina lililoandikwa likawa la Mary Edwards.

Tendo hilo la Maskelyne linastahili kupimwa kwa mizani ya haki. Hakumpa mwanamke huyo kazi mpya. Alimwacha aendelee na kazi aliyokuwa akiifanya tayari, na ambayo mlinganishi alikuwa ameikagua kwa miaka bila kujua ni ya nani. Umbali uliomficha ndio uliomhifadhi. Kama kazi ingekuwa ya kukaa Greenwich, asingalipewa kiti hata siku moja. Kwa kuwa ilikuwa ya karatasi, karatasi zilimtangulia, na ubora wake ukathibitika kabla watu hawajapata nafasi ya kuukataa.

Hata hivyo mtu anayefanya kazi kwa mbali hutegemea uzi mmoja. Hitchins alikufa mwaka 1809 na Maskelyne mwaka 1811. John Pond, aliyemrithi Maskelyne, hakuwa na urafiki wala ahadi na mkokotoaji wa Ludlow, na kazi iliyompelekea ilipungua. Mary Edwards, ambaye kwa wakati huo alikuwa amekokotoa kwa karibu miaka arobaini, akaandika kwa Halmashauri ya Longitudo, iliyokuwa juu ya mambo haya yote, akaeleza hali yake. Halmashauri ikampa haki: aendelee kupelekewa kazi. Alifariki mwaka 1815, na binti yake Eliza, aliyekwisha kujifunza hesabu zile mezani kwa mama, akaishika kalamu.

Ng'ambo ya Atlantiki kulitokea baadaye mwanamke aliyeingia katika kazi hiyo kwa njia nyingine. Maria Mitchell wa kisiwa cha Nantucket, katika jimbo la Massachusetts, aliona kimondo chenye mkia kwa darubini yake usiku wa tarehe 1 Oktoba 1847, na mfalme wa Denmark akamtunuku nishani ya dhahabu. Mwaka 1849 Marekani ilipoanzisha almanaka yake yenyewe, alipewa kukokotoa mwendo wa sayari ya Zuhura, kwa dola 300 kwa mwaka, naye aliendelea nayo hadi mwaka 1868. Jina la Mary Edwards lilijulikana kwa sababu ya kazi. Mitchell alipata kazi kwa sababu jina lilikwisha kujulikana. Nyota yenye mkia ni shahidi mzuri, ila haimtokei kila mwenye kustahili.

Uingereza wakati huo ilikuwa imekwisha kuacha desturi ya posta. Halmashauri ya Longitudo ilivunjwa mwaka 1828. Mwaka 1831 luteni wa jeshi la majini, W. S. Stratford, aliwekwa kuwa msimamizi wa almanaka, na mwaka 1832 hesabu zote zikakusanywa chini ya paa moja London, zifanywe na makarani wenye mishahara na saa za kuingia na kutoka. Kwa usimamizi yalikuwa maendeleo, kwani makosa ya miaka ya nyuma yalikuwa yameleta malalamiko mengi. Kwa Eliza Edwards ulikuwa mwisho. Aliishi mpaka mwaka 1846, lakini kazi iliyokuwa katika nyumba yao kwa karibu miaka sitini ilikuwa imehamia mahali ambapo mwanamke hakupewa meza.

Ilipita zaidi ya karne moja na nusu ndipo kazi ya hesabu ikatoka tena ofisini kwa wingi. Elance, soko la kazi katika intaneti, lilianzishwa mwishoni mwa karne ya 20, na oDesk mwaka 2003. Ziliungana, na mwaka 2015 zikachukua jina la Upwork. Mwaka 2006 kampuni ya filamu ya Netflix ilitoa hadharani alama zaidi ya milioni 100 ambazo wateja walizipa filamu zake, ikaahidi dola 1,000,000 kwa yeyote awezaye kubashiri alama hizo kwa usahihi uliozidi wa kampuni kwa asilimia 10. Mwaka 2009 ilishinda timu ya watu saba waliotoka nchi mbalimbali; timu nyingine ilifikia usahihi uleule lakini ilileta majibu yake dakika ishirini baadaye, ikakosa yote. Washindi walikutana wote kwa mara ya kwanza siku ya kupokea tuzo. Mlinganishi wao alikuwa mashine iliyokuwa na majibu yaliyofichwa, nayo haikuuliza mtu anakaa wapi.

Mwaka huohuo wa 2009 nyaya za chini ya bahari zilifika pwani ya Afrika ya Mashariki, Mombasa na Dar es Salaam, na vijana wenye elimu ya takwimu wakaweza kuingia katika masoko haya. Tangu mwaka 2018 mashindano ya Zindi, yenye makao Cape Town, yamewapa Waafrika mahali pa kuonyesha hesabu zao kwa wasiowajua. Lakini tatizo la Hitchins halikuondoka. Katika masoko ya intaneti ushahidi umewekwa katika nyota za sifa zinazotolewa na walioajiri kabla, na asiye na nyota hapati kazi, na asiye na kazi hapati nyota. Wapo basi Kenya na kwingineko wanaokodi akaunti ya mtu aliyekwisha kupata sifa, wakafanya kazi ndani yake na kumgawia mwenyewe sehemu ya ujira. Hesabu ni ya mmoja na jina ni la mwingine, kama ilivyokuwa Ludlow kabla ya 1784. Sifa zote huandikwa kwa mwenye akaunti, na siku akaunti inapofungwa, mkokotoaji hana karatasi hata moja yenye jina lake ya kumpelekea mwajiri mwingine.