Kaulimbiu ya Makerere na Uzito wa Neno Moja

Mtunzi wa riwaya akibuni chuo cha kale na kutaka kukipa fahari, aghalabu hukiandikia kaulimbiu ya Kilatini juu ya lango lake. Huanza na maneno ya Kiingereza, kisha huyatafutia vazi la Kirumi. Kazi hiyo huonekana nyepesi, maana maneno yenyewe ni matatu au manne tu. Lakini sisi tufundishao lugha twajua kuwa maneno yakiwa machache, kila moja hubeba mzigo mkubwa. Mfano ulio karibu nasi si wa kubuni: uko juu ya kilima cha Makerere, mjini Kampala.

Chuo cha Makerere kilifunguliwa mwaka 1922 kikiwa chuo cha ufundi, chenye wanafunzi 14 waliojifunza useremala, ujenzi na umakanika. Kaulimbiu yake ya awali ilikuwa ya Kiingereza: “Let us be men.” Mwaka 1945 waliingia wanawake sita wa kwanza, na maneno yale yakaachwa. Mahali pake pakawekwa “We build for the future,” kauli ambayo kwa Kilatini husomeka “Pro futuro aedificamus.”

Kwa nini ile ya kwanza haikufaa tena? Neno “men” katika Kiingereza laweza kuwa wanaume, na laweza kuwa wanadamu wote. Msemaji hujificha katikati. Mfasiri hana maficho hayo. Akienda kwenye Kilatini, hana budi kuchagua: “viri simus,” yaani tuwe wanaume, au “homines simus,” yaani tuwe watu. Kiswahili nacho chamdai vivyo hivyo. Tena tofauti hiyo ina watoto wake. Kutokana na “vir” Warumi walipata “virtus,” ushujaa na wema uliopimwa kwa kipimo cha mwanamume. Sisi kutokana na “mtu” tumepata “utu,” ambao hauulizi jinsia. Basi tafsiri hufichua jambo ambalo lugha ya asili ililiacha gizani: nani ameitwa, na nani amesahauliwa.

Kauli ya pili haina shida hiyo. Katika “aedificamus” wajenzi wamo ndani ya kiishio “-mus,” kama walivyo ndani ya kiambishi “tu-” cha Kiswahili: sisi, wake kwa waume. Neno lenyewe limeundwa kwa “aedes,” nyumba, na “facere,” kufanya. Nalo lakifaa chuo ambacho kilianza kwa kufundisha ujenzi.

Hata hivyo, mitego haikwisha. “Aedificamus” yaweza kuwa “hujenga,” kwa desturi, au “tunajenga,” sasa hivi. Kiingereza huzitenga maana hizo kwa “we build” na “we are building,” na Kiswahili huzitenga kwa viambishi. Halafu kuna “pro,” yaani kwa ajili ya. Tukisema “Twaijenga kesho,” kesho yenyewe imekuwa nyumba. Tukisema “Twaijengea kesho,” nyumba ni nyingine, na kesho ndiye mwenye kuirithi. Irabu moja imegeuza maana yote.

Hapa pana somo kwa darasa letu. Tuwape wanafunzi kauli fupi ya shule wanayoifahamu, waifasiri, kisha waeleze neno gani liliwalazimisha kuchagua, na uchaguzi ule ulimweka nani ndani na nani nje. Kadhalika mtunzi wa hadithi ajiulize hayo kabla hajachonga maneno juu ya lango la chuo chake. Kilatini kikitumiwa kwa fahari tu ni pambo. Kikitumiwa kwa uangalifu ni kioo, na ajitazamaye humo hujua alikusudia kusema nini.