Bondia wa Kitui na mbio za watu wote

Oktoba 20, 2025, macho ya Kenya yalikuwa Ithookwe. Zamu ya kuandaa Mashujaa Dei ilikuwa imeifikia kaunti ya Kitui, na mji ulikuwa umejipamba kama bibi harusi. Bahati mbaya sherehe iliangukia ndani ya matanga: siku moja tu kabla yake Raila Odinga alikuwa amezikwa Bondo. Sisi tulikuwa sebuleni, sahani za muthokoi magotini, hotuba zikiendelea kwenye runinga, mjomba wangu alipowageukia watoto na kuuliza swali.

"Masya ni nani?"

Mpwa wangu wa kidato cha pili akajibu kuwa ni yule mwenye duka la saruji karibu na steji. Wenzake wakaangua kicheko. Mjomba hakucheka. Aliweka sahani chini akaomba sauti ya runinga ipunguzwe.

Aliyosimulia siku ile ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya, na msomaji ajue mapema kwamba mjomba ana upendeleo. Alicheza ndondi ujanani, kwa hivyo hadithi ya Masya kwake huanzia ulingoni na hukawia huko huko.

Benson Masya alizaliwa Kitui mnamo Mei 1970. Kabla ya kuwa mkimbiaji alikuwa bondia. Mjomba anashikilia kwamba bila kulijua hilo huwezi kuelewa alivyokimbia. Bondia huruka kamba mpaka vifundo vya miguu viwe springi, hujifunza kuvuta pumzi huku akipigwa, na zaidi ya yote hujifunza kungoja. Mkimbiaji wa kawaida akiona mwanya anauingia. Bondia huuacha wa kwanza, huuacha wa pili, mpaka mpinzani ashushe mikono. Mimi si mtaalamu wa ndondi wala wa riadha, lakini ukitazama matokeo ya mwaka 1991 na 1992 unaanza kumsadiki mzee.

Mwaka 1991 Masya alikwenda kaskazini mwa Uingereza akashinda Great North Run, mbio za nusu marathoni zinazoanzia Newcastle na kuishia ufuoni South Shields. Desemba ya mwaka huo akavuka nusu ya dunia hadi Hawaii akashinda marathoni ya Honolulu. Kisha ikaja Septemba 20, 1992. Shirikisho la riadha duniani lilikuwa linaandaa mashindano ya dunia ya nusu marathoni kwa mara ya kwanza kabisa, na badala ya kutafuta njia mpya likayapachika ndani ya Great North Run yenyewe.

Hebu pata picha ya asubuhi hiyo. Mbele wamo mabingwa waliotumwa na nchi zao. Nyuma yao, kwenye lami ile ile, wamo maelfu ya walimu, wauguzi, mafundi wa meli, wazee wenye vitambi, kina mama waliofanya mazoezi jioni baada ya kazi, na wengine waliovalia kama sungura au nyuki ili kuchangisha pesa za hospitali. Wote wanavuka daraja la mto Tyne, wanapita Gateshead, wanaelekea baharini. Kijana wa Kitui, umri wake miaka 22, akafika wa kwanza kwa saa 1, sekunde 24. Antonio Silio wa Argentina akaja sekunde 16 baadaye, na wa tatu akawa jirani yetu, Boay Akonay wa Tanzania. Bingwa wa kwanza wa dunia wa nusu marathoni kwa wanaume akawa ametoka kwetu, katika mji ulio mita elfu moja na mia hivi juu ya usawa wa bahari, wenye jua linalokausha ndengu kwa siku chache. Ukisoma habari za mbio za Kenya, karibu kila kitu huanza Iten, mita 2,400 juu, kwenye ukungu na maziwa ya mursik. Wataalamu wamepanda huko na mashine zao za kupima mapafu. Sijasikia aliyeshuka Kitui.

Great North Run iliasisiwa mwaka 1981 na Brendan Foster, mwanariadha aliyekuwa ameshinda shaba ya mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Montreal. Alikuwa ameshiriki mbio za umma kule Auckland, New Zealand, akastaajabia kuona mji mzima barabarani, akarudi kwao na wazo hilo. Mara ya kwanza walijitokeza watu wapatao 12,000. Masya alizishinda mbio hizo mara nne, 1991, 1992, 1994 na 1996.

Honolulu nako kuna kisa chake. Marathoni ile ilianza mwaka 1973, na mmoja wa waliokuwa nyuma yake ni daktari wa moyo, Jack Scaff, aliyeamini kwamba mgonjwa wa moyo akikimbia polepole, polepole kiasi cha kuweza kupiga soga na mwenzake, atapona badala ya kufa. Alikuwa akiwakusanya watu wa kawaida Jumapili asubuhi katika bustani ya umma ya Kapiolani, anawafundisha kwenda mwendo huo wa kobe. Marathoni yenyewe huanza saa kumi na moja alfajiri gizani, haina muda wa mwisho wa kumaliza, na utepe wake uko ndani ya bustani hiyo hiyo. Mtanzania Simon Robert Naali aliukata mwaka 1989 na 1990. Masya akaukata 1991, 1992, na tena 1994. Yaani bondia wetu alikuwa akimalizia mbio zake mahali ambapo wagonjwa wa moyo walijifunza kukimbia.

Mwaka 1992, aliyefika wa pili nyuma ya Masya pale Kapiolani alikuwa Cosmas Ndeti wa Machakos. Hapa ndipo nyumba yetu hugawanyika, maana mke wa mjomba ni mtu wa Machakos. Yeye husema: huyo wa pili wako, miezi minne baadaye alishinda marathoni ya Boston, akashinda tena 1994 kwa saa 2, dakika 7 na sekunde 15, rekodi ya njia hiyo wakati huo, akashinda na 1995, na mwanawe akampa jina la Boston. Masya alishinda Boston lini? Mjomba hujibu kwamba mwanafunzi kumpita mwalimu hakumfuti mwalimu. Shangazi humuuliza ni nani alimwambia Masya alikuwa mwalimu wa mtu. Hapo jirani yetu wa Makueni, akiwapo, huingilia kwa kesi yake: Makueni ilikatwa kutoka wilaya ya Machakos mwaka huo huo wa 1992, kwa hivyo sifa zote za Machakos za kabla ya hapo zigawanywe nusu kwa nusu, kama ng'ombe wa urithi. Anamtaka Joseph Nzau, aliyeshinda Chicago 1983 akimwacha Mwingereza Hugh Jones kwa nusu sekunde tu, baada ya kilomita 42. Shangazi hakubali. Naye akitaka kuwanyamazisha wote humtaja Patrick Ivuti, aliyeshinda Chicago hiyo hiyo mwaka 2007, siku ya joto kali hivi kwamba mbio za umma zilisitishwa katikati, kwa pengo la sehemu tano za mia za sekunde mbele ya Jaouad Gharib wa Moroko. Au Jimmy Muindi na Honolulu zake sita. Au Patrick Makau, aliyemyumbisha Haile Gebrselassie na kuivunja rekodi yake mjini Berlin 2011, akaweka 2:03:38.

Ubishi huu hauishi, na sitaki uishe. Lakini ukiusikiliza kwa makini utaona kwamba majina yote haya, ya Wakamba wa kaunti hizi tatu, yameng'ara kwenye barabara za watu wengine, na karibu kila mara nyuma ya bingwa kulikuwa na umati. Newcastle, Honolulu, Chicago, Boston: Mkamba mmoja mbele, na maelfu ya wenyeji wakihema nyuma yake kwa raha zao. Kitui sijamwona aliyewahi kupata raha hiyo. Masya alifariki Septemba 2003, akiwa na miaka 33, na mbio za kila mtu bado hazijafika kwao.

Mwaka uliofuata, Oktoba 2, 2004, mjini London, Paul Sinton-Hewitt, mtu aliyezaliwa Zimbabwe na kulelewa Afrika Kusini, alikuwa ameumia na hawezi kukimbia. Kazi nayo ilikuwa imemponyoka. Ili asipoteze marafiki, akawaalika wakimbie kilomita tano katika bustani ya Bushy naye awapimie muda, bure. Walikuja 13. Hawakuwa na vifaa vyovyote. Ili kujua nani amefika wa ngapi, waligawa viduara vya chuma vinavyokaa chini ya nati, ambavyo mafundi wetu huviita washa, vimegongwa nambari. Unapokea chako ukifika, unakirudisha, wanaandika. Wiki iliyofuata wakarudia. Siku hizi, kila Jumamosi asubuhi, mbio hizo, zinazoitwa parkrun, hukimbiwa katika nchi zaidi ya 20, bado kilomita tano, bado bure, bado zinaendeshwa na watu wanaojitolea, na mmoja wao kazi yake ni kutembea nyuma kabisa ili asiwepo wa mwisho mwingine. Afrika Kusini iliingia 2011, Bruce Fordyce, mshindi wa mbio ndefu za Comrades mara tisa, akizianzisha Johannesburg.

Kenya, nchi ya wakimbiaji, haimo.

Nilipomweleza mjomba habari hizi alisema hao wazungu wamevumbua mwethya. Nilitaka kumpinga nikashindwa. Mwethya ndio uliochimba matuta ya vilima vya Mbooni na Kilungu. Siku ya wiki inajulikana, kila nyumba inatoa mtu na jembe lake, hakuna anayelipwa. Na kutembea pamoja si jambo geni kwetu. Misafara ya Kivoi wa Kitui ilikuwa ikienda pwani na pembe za ndovu kabla ya reli, na Julai 1938 maelfu waliandamana na Muindi Mbingu kwa miguu hadi Nairobi kudai ng'ombe wao. Watu wanaoweza hayo watashindwaje na kilomita tano za Jumamosi?

Kinachotushinda nadhani ni lango. Mbio zetu siku hizi ni za fulana: kampuni au mwanasiasa anatangaza, unalipa, unapewa fulana na chupa ya maji, mnapigwa picha, mnaonana mwakani. Nairobi ukitaka kukimbia kwenye kivuli cha msitu wa Karura unalipa kuingia. Mimi nilijaribu kuingia kwenye uwanja mmoja wa umma, sitautaja, saa kumi na mbili asubuhi na raba zangu. Askari akaniuliza barua. Barua ya nini? Ya kukimbia. Akaniambia kwa upole kabisa nikamwone mkubwa Jumatatu.

Makueni wametutangulia katika hili, na inaniuma kusema. Bustani ya umma ya Wote, iliyojengwa siku za Gavana Kivutha Kibwana, ina njia za kutembea, nyasi na viti. Nilipita huko Jumamosi moja nikaona wasichana watatu wakipiga tizi kwa kuzunguka, mmoja amevaa kandambili. Hakuna aliyewapimia muda. Kitui vikundi vipo pia, utaviona alfajiri kando ya barabara wakikwepa malori ya mchanga, lakini kikundi kinakufa mwenye simu ya kuwaamsha wenzake akihama.

Wiki mbili baada ya Mashujaa Dei, mjomba alinituma dukani kwa yule Masya wa saruji. Nilinunua washa 20. Usiku kucha nilimsikia akizigonga nambari kwa msumari na nyundo kwenye kibaraza. Kijana wa bodaboda alitupimia njia kwa mita ya pikipiki yake: kilomita mbili na nusu kwenye murram nyuma ya kanisa mpaka kwenye mwembe uliopigwa na radi, halafu kurudi. Jumamosi tulikuwa tisa. Wapwa zangu wanne, kijana wa bodaboda kwa miguu yake, mwalimu mmoja wa chekechea, mimi, shangazi akitembea nyuma kabisa na mwavuli, na mtoto wa miaka kumi hivi, amevaa sweta ya shule, ambaye hatukumjua. Alikuwa akipita na mtungi wa maji, akauweka chini akajiunga.

Mjomba alisimama mwishoni na simu mkononi kama refa anayehesabu. Nilifika wa sita, kifua kinawaka. Mwenye sweta alikuwa amefika wa pili, akapewa washa yake, akachukua mtungi wake akaenda zake.

Tulipozihesabu jioni zilikuwa 19. Mjomba hajachonga nyingine. Anasema nambari mbili atairudisha mwenyewe Jumamosi.