Mawe ya Yordani na Picha ya Ukutani

Somo: Yoshua 4:1-7



Nyumbani kwetu ukutani kuna picha ya zamani ya jamaa ya upande wa baba. Watu ni ishirini na watatu. Wazee wameketi vitini, akina mama wamesimama nyuma yao, watoto wako mkekani. Hakuna anayecheka. Siku zile mpiga picha alijifunika kitambaa cheusi nyuma ya sanduku la miguu mitatu, na watu wakatulia kimya wasije wakaiharibu picha.

Mzee wa katikati ni babu yetu, mzaliwa wa Frere Town, Mombasa. Wamisionari wa C.M.S. walianzisha mji huo mwaka 1874 na 1875, uwe makao ya watumwa waliokombolewa majahazini na manowari za Uingereza. Walikuwamo Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine. Wengi walitekwa wangali wadogo, hata njia ya kurudi kwao hawakuijua. Pamoja nao walikuja Waafrika waliolelewa Nasik, huko India, baada ya kukombolewa vivyo hivyo. Miongoni mwa hao walitoka William Jones na Ishmael Semler, ambao Askofu James Hannington aliwawekea mikono kuwa mashemasi mwaka 1885.

Wazazi wa babu waliletwa Frere Town wakiwa watoto, hawana ndugu hata mmoja. Sasa hesabuni tena: ishirini na watatu! Watu walionyang'anywa jamaa, Mungu amewafanya jamaa kubwa.

Lakini nyuma ya picha hiyo hapakuandikwa jina hata moja. Shangazi yetu aliyajua yote. Kila tulipomtembelea tulisema, safari ijayo tutakuja na kalamu. Safari iliyofuata tulikwenda na kitabu cha ibada, kumzika. Leo twawajua watu kumi na wanane. Watano wanatutazama, nasi hatuwezi kuwaita. Mmoja wao ni msichana aliyeshika kitabu kifuani.

Wapendwa, Yoshua aliamriwa yatwaliwe mawe kumi na mawili katikati ya Yordani, yawe ukumbusho. Walakini mawe hayana kinywa. Watoto wangeuliza maana yake, na wazazi iliwapasa kujibu. Mzazi akinyamaza, mawe hubaki mawe tu. Na picha ni vivyo hivyo.

Twafarijika kwamba Mchungaji Mwema awajua kondoo wake kwa majina (Yohana 10:3). Yule msichana hakupotea mbele zake. Hata hivyo neno hilo halituondolei kazi yetu. Watekaji waliwapokonya wazee wetu majina ya kwao. Je, sisi tuwapokonye mara ya pili kwa uvivu?

Basi leo, baada ya chakula, ishusheni picha. Mpeni bibi miwani yake, mketi karibu naye, mwulize mmoja mmoja. Andikeni nyuma kwa penseli, polepole, msiikwaruze. Wasioonekana pia waulizeni, maana kila jamaa ina waliokufa kabla ya siku ya picha.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe tulivyochelewa. Uwahifadhi wazee wetu, utupe masikio ya kuwasikiliza wangali nasi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.